Kolekole Havuliwi kwa Ufito

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye pale bwawani Hombolo ananiuliza samaki alikuwa na ukubwa gani. Hakuna anayeuliza kwa nini niliaga safari ya siku nne nikakaa kumi na moja. Nimewajibu vipande vipande, na kila mmoja amekwenda kusimulia kipande chake kwa namna yake, hata Jumapili iliyopita nimesikia nje ya kanisa kwamba nilizama na kuokolewa na meli ya jeshi. Sikuzama. Nimeamua kuandika yote mara moja, na atakayeniuliza tena nitampa karatasi asome mwenyewe.

Lazima kwanza niwaeleze habari za dada yangu, maana wengi wenu hamumjui. Debora ndiye mkubwa wangu. Aliolewa na Mbwana, mvuvi wa pwani ya Tanga, ambaye enzi hizo alikuwa akileta samaki wakavu kuuza Dodoma mjini. Baba alikataa ndoa ile. Debora akaenda hivyo hivyo. Miaka mingi baadaye Baba alipofariki walikuja kuzika, na wajomba zangu wakawakalisha nje ya turubai pamoja na majirani. Makaburini Mbwana alisogea ashike udongo kama mkwe, na mimi nikanyanyua fimbo yangu mbele ya uso wake. Sikumpiga. Lakini watu wote waliona, na Debora aliona. Waliondoka kabla chakula hakijapakuliwa, na kwa miaka kumi na moja dada yangu hakukanyaga Hombolo. Alizungumza na Mama kwa simu tu.

Mwaka huu miguu ya Mama imemgomea kabisa. Akaniita akaniambia anamtaka Debora hapa nyumbani kabla mvua hazijaanza, na kwamba aliyemfukuza ndiye atakayemfuata. Nikampigia dada. Akakubali, ila kwa sharti: nifike kwao mimi mwenyewe, nilale nyumbani kwake, nile chakula chake, na niende nao baharini siku moja kuvua kolekole. Baada ya hapo ndipo atafungasha.

Kolekole, kwa msiomjua, ni samaki wa baharini mwenye mwili wa rangi ya fedha na mkia wa njano uliogawanyika kama panda ya manati. Ana nguvu kuliko kambale wetu watatu waliofungwa pamoja. Hilo sikulijua wakati ule. Debora akanitumia ujumbe wa sauti: nije na mshipi themanini, ndoana kubwa za chuma, na risasi za kuzamishia. Halafu akamalizia, "Na fimbo usilete."

Maneno hayo ya mwisho yalinichoma. Nilijua ni fimbo ipi anayoisema. Nikapiga tena nikaomba nizungumze na shemeji, kwa kuwa mambo ya uvuvi nilitaka kuyasikia kwa mvuvi. Mbwana akasema, "Kama alivyosema dada yako," kisha akamrudishia simu. Nikajua wamepanga kunidhalilisha. Nikaitundika fimbo yangu ukutani, nikaenda kutafuta vifaa.

Hombolo hadi Majengo

Pale sokoni Majengo, Dodoma mjini, niliuliza mshipi katika maduka manne, na maduka manne yakanionyesha mikanda ya suruali. Mwenye duka la nne alinipima kiuno kwa macho kabla sijamaliza sentensi. Kwetu tunasema nailoni, nilijua hilo, lakini dada alisema mshipi na mimi nilitaka kusema vile walivyosema wao.

Mwishowe nilielekezwa kwa mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, anayeuza mitego ya panya, nyavu za kuku, vipuri vya baiskeli na, nyuma kabisa chini ya magunia, vifaa vya kuvulia. Nikamwamkia. Alipojua ninakwenda baharini alifurahi kama vile ni yeye anayesafiri. Alinieleza kwamba babu wa babu yake alitoka huko pwani kwa miguu, akifuatana na misafara ya biashara, akafika hapa akaoa akabaki. Yeye mwenyewe hajawahi kufika hata Morogoro. Kwa hiyo mshauri wangu wa mambo ya bahari alikuwa mtu ambaye hajaiona bahari, na mteja wake pia hajaiona, na tukazungumza kwa kujiamini kabisa karibu saa nzima.

Akanitolea ufito wa dukani, ule mwembamba mweusi wa vipande viwili unaounganishwa, wenye pete za kupitishia mshipi na kigurudumu cha kuuzungushia. Ninyi mnajua tumevua maisha yetu yote kwa fito za miti tunazokata wenyewe. Nilipoushika ule ufito nilijiona nikishuka mbele ya Mbwana nikiwa nao mkononi, na nikaununua.

Tukafika kwenye mshipi wenyewe. Mzee akaniuliza namba ngapi. Nikamwambia themanini, mita themanini. Akasema, "Sikuulizi urefu, baba. Nauliza namba." Nikamwambia nimeagizwa themanini na nimemwambia themanini, apime akate. Akanitazama kidogo, akapima mita themanini za nailoni aliyokuwa nayo, nyembamba, ya kuvulia perege, akakata. Ndoana kubwa alizokuwa nazo zilikuwa za kambale, zenye rangi ya dhahabu. Nikazichukua kwa sababu ziling'aa.

Nasema haya yote ili muone kwamba nilielezwa. Watu wawili walinieleza, tena kwa Kiswahili.

Kizota

Siku ya safari, basi langu la Morogoro lilikuwa liondoke saa sita mchana. Saa mbili asubuhi nilipanda bajaji kuelekea stendi, ufito ukiwa umechomoza nje kwa sababu nilikataa kuutenganisha. Kwenye kona tukapishana na gari lililobeba geti la chuma. Geti likagusa ufito. Halikuuvunja, liling'oa pete mbili tu, zikaenda nalo.

Dereva wa bajaji alisema nisiwe na wasiwasi, anamjua fundi. Akanipeleka Kizota kwa mtu aitwaye Sospeter, anayetengeneza mageti na madirisha. Sospeter aliushika ufito, akaukunja, akaunusa, akaniuliza ni wa nini. Nilipomweleza akasema ni kazi ya nusu saa, nirudi saa nne.

Saa nne alikuwa amekunja pete moja ya nondo. Saa tano umeme ulikatika. Mafundi wa karakana za jirani wakaja, kila mmoja na wazo lake: mmoja alitaka kufunga pete kwa waya, mwingine alitaka kutoboa ufito kwa drili, wa tatu alisema kaka yake wa Mwanza angecheka akiona kitu hiki na akataka kukipiga picha amtumie. Nilikaa juu ya debe nikisikiliza. Saa sita nilijua basi linaondoka, na liliondoka. Mama lishe wa pale aliniletea ugali na mlenda na kuniuliza kwa upole kama antena yangu inashika stesheni ngapi.

Umeme ulirudi saa tisa. Saa kumi Sospeter alinikabidhi ufito. Alikuwa ameupasha moto mahali pawili ili kubana vishikizo, na pete zake za nondo zilikuwa nzito kiasi kwamba ncha ya ufito iliinama yenyewe kama inasalimia. Alikuwa na fahari na kazi yake. Nikamshukuru, maana nini tena ningemwambia? Nikaenda kulala kwa binamu yangu mjini na kuwapigia simu Tanga kwamba nitachelewa siku moja. Debora aliuliza kwa nini. Nikasema ni mambo ya basi.

Dodoma hadi Gairo

Basi la kesho yake liliondoka alfajiri, na ugomvi ukaanza kabla ya injini kuwaka. Konda hakutaka ufito uingie ndani kwa sababu utatoboa mtu jicho. Nami sikutaka uende kwenye buti kwa sababu ungevunjika. Tukakubaliana nikae nao katikati ya magoti, umesimama wima, kama askari wa lindo. Nilikaa hivyo hadi Kibaigwa.

Jirani yangu alikuwa mama wa Kongwa mwenye kapu la karanga za kuchemsha. Alinikaribisha karanga, nikala, na kwa kila kiganja alichonipa aliniuliza swali. Tulipofika Mbande abiria wote walikuwa wanajua kwamba mimi ni mkulima wa zabibu, kwamba sijui kuogelea, na kwamba nina kamba mpya mita themanini kwenye mfuko wa rambo.

Tulipoipita Kibaigwa kitasa cha buti kilikatika na mlango wake ukafunguka tukiwa mwendoni. Basi liliposimama, mizigo ilikuwa imetapakaa barabarani nyuma yetu: magunia, ndoo, sanduku, na cherehani ya dada mmoja aliyekuwa anahamia Morogoro kufungua kazi yake. Ilikuwa imelala ubavu, mkono wake wa kuzungushia umekatika. Konda akauliza nani ana kamba. Mama wa Kongwa akaninyooshea kidole.

Nilikataa. Niliwaeleza kwamba ile si kamba, ni mshipi wa kolekole, na kwamba nimeagizwa mita themanini kamili. Abiria walinisikiliza kwa heshima na hakuna aliyenielewa. Mwenye cherehani aliinua mashine yake peke yake, akaifuta vumbi kwa kanga, akairudisha kwenye buti, akabaki ameushikilia mlango kwa mkono kana kwamba atasafiri hivyo hadi Morogoro. Nikautoa mshipi.

Konda alifunga ule mlango kama anayefunga mzigo wa kuni, akizungusha na kuzungusha. Gairo abiria wawili walishuka na mizigo yao ilikuwa ndani, basi akakata kwa kisu, akatoa mizigo, akaomba mshipi mwingine akafunga upya. Wakati huo mimi nilikuwa nakula chipsi mayai zilizopoa na kutazama upepo wa Gairo ukipeperusha vipande vya nailoni yangu. Mwenye cherehani alininunulia chai. Tulikunywa pamoja. Aliniuliza huyo samaki ninayemfuata ni wa sikukuu gani. Nikajikuta namwambia ukweli, kwamba namfuata dada yangu, na sababu ya yeye kuondoka. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote asiyekuwepo pale makaburini. Akasema, "Nenda tu, baba. Ukifika hautakuwa mwendo mrefu kama unavyouona sasa." Mshipi wangu ulikuwa umebaki mita thelathini na kitu.

Morogoro hadi Tanga

Basi la kuunganisha lilikuwa limeondoka. Nililala Morogoro, na siku iliyofuata nikasafiri hadi Tanga, kisha nikapanda gari dogo la kwenda kaskazini hadi kijiji chao. Nilishuka saa tisa alasiri nikiwa na ufito, begi, na simu iliyokufa chaji.

Niliuliza kwa Debora. Hakuna aliyemjua Debora. Nikauliza kwa Mbwana mvuvi. Wakaniuliza Mbwana yupi, Mbwana wa Makame, Mbwana mrefu, Mbwana wa boti nyekundu? Nilisema Mbwana aliyeoa Mgogo. Wakashauriana. Mmoja akasema hakuna Mgogo pale, kuna Wadigo, Wabondei, na mwalimu mmoja Mchaga. Wakanipeleka kwa Mbwana wa Makame, ambaye alikuwa amelala, akaamka, akanikaribisha kahawa kwa ukarimu mkubwa, na hakuwa yeye. Saa nzima ilipita hivyo. Mwishowe bibi mmoja aliutazama ufito wangu akauliza, "Huyu si anamtafuta Mama Zaina wa mishipi?"

Nikasema hapana, namtafuta mume wake mvuvi. Akasema nyumba ni ile ile, ila watu huenda kwa Mama Zaina.

Zaina ni jina la mpwa wangu, mtoto wa kwanza wa Debora, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona. Nikamfuata bibi yule.

Kilikuwa kibanda cha mbao cha buluu karibu na mahali boti zinapofikia. Ukutani ilining'inia mishipi ya kila unene, mingine minene kama kamba ya viatu, imezungushiwa kwenye vipande vya mbao. Kulikuwa na ndoana zilizopangwa kwa ukubwa kwenye makopo, risasi zilizoyeyushwa na kumiminwa kwa umbo la ndizi ndogo, waya, na ngisi bandia wa plastiki wenye macho. Wanaume watano walikuwa wamesimama wakisubiri zamu. Aliyekuwa amekaa juu ya kigoda, koleo mkononi, ni dada yangu. Alikuwa ameishika ndoana ya mvuvi mmoja mkubwa wa mwili. Aliibana kwa koleo, akaivuta, ikanyooka. Akamwambia chuma hiki ni laini, mwambie aliyekuuzia akakivulie dagaa. Yule mtu akaitikia, "Haya, mama."

Nilisimama pale hadi zamu yangu ilipofika. Nikasema, "Shikamoo dada."

"Marahaba," akasema, kabla hajainua macho. Kisha akainua. Hakutazama uso wangu kwanza. Aliutazama ufito, kuanzia chini hadi kwenye zile pete za nondo.

"Nilikuambia fimbo usilete," akasema.

"Sikuileta. Nimeiacha Hombolo ukutani."

"Na hii ni nini?"

"Huu ni ufito."

"Sisi hapa tunaiita fimbo," akasema Debora. "Nilisema usilete kwa sababu kolekole wetu tunamvuta kwa mkono." Halafu nikaona ameelewa nilivyolichukua neno lake. Wavuvi walikuwa wameanza kutazama pembeni. "Elia. Ulidhani nasema ile ya makaburini?"

Nikasema ndiyo.

"Siikumbuki ile," akasema. Akaweka koleo chini. "Naikumbuka. Lakini sikuwa naisema hiyo."

Akafunga kibanda mapema siku ile, ingawa watu walikuwa bado wanasubiri. Njiani kuelekea nyumbani nilijaribu kupiga hesabu ni mara ngapi nimeomba nipewe shemeji ndipo niulize jambo la maana. Nilipofika, Mbwana alikuwa anashona wavu kibarazani. Ni mtu mpole, mzee sasa, na nilipomwamkia alinyanyuka akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akauliza habari za Mama, habari za zabibu, habari za njia. Hakuuliza kingine.

Baharini

Usiku ule Debora alikagua mzigo wangu. Aliuvuta mshipi kati ya vidole viwili akauliza namba. Nikamwambia ilikuwa mita themanini. Aliinamisha kichwa akafunika macho kwa kiganja. Themanini, akanieleza polepole kama anayemfundisha mtoto, ni namba ya unene, ya nguvu. Kolekole akishika ndoana hakimbii mbali, anakimbilia chini kwenye miamba, na ukimwachia pima tano tu, kama mita tisa, anaukata mshipi kwenye jiwe. Kwa hiyo huhitaji mshipi mrefu wala ufito mzuri, unahitaji mshipi usiokatika na mikono isiyoachia. Ndoana zangu za dhahabu akazipeleka dirishani, akazitundikia pazia.

Sasa nitawaambia jambo la aibu. Asubuhi, pamoja na maelezo hayo yote, nilichukua ufito wangu nikapanda nao botini. Nilikuwa nimesafiri nao siku tatu nimeushikilia kwa magoti. Debora alitazamana na mumewe.

Tulikuwa watatu kwenye boti ya faiba yenye injini ndogo. Jua lilikuwa limechomoza, na bahari ilikuwa tulivu, wao walisema. Mimi nilitapika kabla hatujafika mwambani, tena niligeukia upande usiofaa, nikatapikia miguu ya shemeji. Mbwana akachota maji ya bahari akaiosha, akanipa ndimu niinyonye, akaendelea kushika usukani.

Walitia nanga. Debora akanifungia ndoana yake na chambo cha ngisi, nikateremsha. Haikupita muda ufito ukapigwa. Bwawani samaki anakugongea. Huyu hakugonga, alivuta kama mtu anayekunyang'anya kitu chako. Kigurudumu kikalia, mshipi ukaenda, halafu ukalegea. Nilipouvuta ulikuja mwepesi, umekatwa kama kwa wembe. Nikafunga ndoana yake nyingine, nikaukunja mshipi uliobaki mara mbili. Wa pili aliposhika, mshipi haukukatika. Ufito ndio uliokatika, pale pale Sospeter alipoupasha moto, na kipande cha mbele na zile pete zake za nondo kikazama moja kwa moja.

Nilibaki na kipande cha mpini mkononi. Nilitaka kulaani, na sikujua nimlaani nani. Niliwaza Kizota na debe nililokalia, na konda, na mzee wa Majengo aliyeniuliza namba mara mbili.

"Shemeji," Mbwana akasema, "sasa mwache dada yako akupe kazi."

Debora alikuwa ameshaandaa. Aliutoa mshipi namba themanini uliozungushiwa ubao, ndoana nene ya chuma cheupe, risasi yake, na kipande cha waya mbele. Akanivisha vidoleni vipande vya mpira wa tairi la baiskeli ili mshipi usinikate. Alinifunga kimoja kimoja, na nilipotazama mikono yake niliona makovu yamepita kwenye kila kiungo cha kidole. Nikamuuliza amejifunza lini haya. Akasema mwaka wa kwanza alikuwa anaogopa hata kulowa. Mbwana aliugua mwaka wa tatu, na mtu alipaswa kwenda.

Nikateremsha. Tulisubiri sana. Katika kusubiri kule nilimwambia shemeji yangu nilichopaswa kumwambia pale kaburini kwa Baba, au hata kesho yake, au mwaka uliofuata. Sitakiandika hapa. Alisikiliza hadi mwisho akitazama maji, kisha akasema, "Yamekwisha. Shika mshipi wako."

Na kweli ulishikwa. Dada yangu alisimama nyuma yangu akisema neno moja, vuta, vuta, usimpe, vuta. Nilivuta hadi mabega yakaungua. Mara mbili nilitaka kuachia, na mara mbili mkono wake ulikuja juu ya wangu, ukashika, ukaondoka. Samaki alipofika juu ya maji niliuona mkia ule wa njano. Mbwana alimkamata kwa ndoana kubwa ya mpini akamtupa botini.

Sasa mnaweza kuacha kuniuliza. Urefu wake ulikuwa kutoka begani kwangu hadi ncha za vidole.

Tulimla kwa nazi. Niliwaomba ugali, wakanipikia ugali, na mpwa wangu Zaina, ambaye ana watoto wawili tayari, alinicheka ninavyoumega. Siku zilizofuata nilikaa kibandani nikimsubiri Debora amalize oda za watu. Kila siku alisema kesho, na kila kesho mvuvi mwingine alikuja kutoka kijiji kingine. Nilichambua ndoana na kupanga makopo. Nilipewa kazi ya kuuliza wateja namba ngapi.

Kurudi

Safari ya kurudi na Debora ni adhabu ambayo simtakii mtu. Alibeba kapu la kolekole waliokaushwa, na abiria walilalamika kuanzia Segera hadi Morogoro. Kila kituo alishuka kununua kitu, na kila alichonunua alikikagua kama anakagua ndoana. Gairo alirudisha kitunguu. Basi zima lilimsubiri.

Mama alikuwa amekaa mkekani mlangoni tulipofika Hombolo. Debora alipiga magoti, wakasalimiana mbukwa, kwa Kigogo chetu, kwa muda mrefu kama wanavyosalimiana wazee, wakiulizana habari za mmoja mmoja. Sikuona machozi. Mama alimwambia amenenepa.

Kesho yake asubuhi Mama alituita, akamwita na mjomba mmoja aliyebaki hai. Akamwambia Debora, "Sikukuita uje kuniaga. Nimekuita uchukue shamba lako."

Akaeleza, mbele ya mjomba, kwamba Baba alipogawa alikuwa ametaja sehemu tatu, ya Mama, yangu na ya Debora, na sehemu ya chini kuelekea bwawani ilikuwa ya Debora, na kwamba hasira ndiyo iliyomfanya asiitaje tena. Mama alikuwa ameyajua hayo miaka yote. Ile sehemu ya chini ndiyo yenye mizabibu yangu bora, ninyi mnaijua. Nimeipanda mimi, mashimo nimechimba mimi, na maji nimevuta mimi kutoka chini kwa ndoo miaka miwili ya kwanza. Mjomba alikuwa anatazama ardhi. Maneno yote hayo yalikuwa yamejipanga mdomoni mwangu.

"Elia, umesikia?" Mama akauliza.

Debora hakuniangalia, wala hakuomba, wala hakukataa. Alikuwa anasubiri tu, kama alivyosubiri pale botini nikiwa na kipande cha mpini mkononi.

"Nimesikia, Mama," nikasema.

Jioni nilimpeleka kumwonyesha mpaka. Ni mistari kumi na minne. Alipita kwenye kila mmoja, akashika mashina, akauliza hili linakatwa wapi. Nikamwambia acha macho mawili, yale ya kuchipua, kata juu yake, mshazari. Nikampa mkasi. Akakata mahali pasipofaa. Nikamwambia si hapo. Akakata tena, vibaya vile vile, akasimama akinisubiri nimweleze. Nilikuwa nimechelewa na shamba langu kwa wiki nzima, na jua lilikuwa linakaribia kuzama. Nikaenda nyumbani nikachukua mkasi wa pili, nikarudi, nikamwambia tuanze na shina la kwanza.